Mbuzi wa Jicho la Paska

Kabla hujamwonea huruma Paska Ayikoru, jua kwanza kwamba huruma yako hakuitaka. Alichotaka ni mtu mmoja tu, hata mmoja, amtazame jichoni wakati ule ule linapomuuma na aseme: kweli, naona. Pole alipewa nyingi. Pole zilikuwa zimemfika shingoni.

Maumivu yalimjia alfajiri. Na wala si kila alfajiri. Yangekuja kila siku angalau angejipanga. Yalikaa kimya wiki nzima, pengine zaidi, hata akaanza kusahau, halafu siku moja jogoo anawika, Paska anafumbua macho kama binadamu wengine wote wa Koboko, na jicho la kulia linachanika. Neno ni hilo hilo, linachanika. Alisikia kabisa kope likiondoka na kitu. Kisha moto! Machozi mpaka mdomoni, pua inatiririka, na kale kamwanga kembamba ka chini ya mlango kanamchoma kama ametiwa pilipili. Alijikunja kitandani ameshika uso kwa mikono miwili akitukana. Alitukana kwa Kilugbara, lugha ya kwao Logiri, maana Kikakwa cha ukweni alikijua vizuri lakini kwa matusi hakikumtosha.

Binti yake Poni, mtu mzima aliyekuwa akisuka nywele za watu sokoni, alikuja mbio na beseni la maji.

"Mama, nikufanyie nini?"

"Niache!"

"Nikukandie na kitambaa?"

"Poni, nimesema niache!"

Poni alikaa pale mlangoni na beseni lake mapajani. Kumwacha hakuweza, kumsaidia hakuweza, basi alilia naye kimyakimya mpaka jua likachomoza.

Na sasa sikia uchokozi wa jicho lile. Ikifika saa nne Paska yuko sokoni na ndoo yake ya karanga za kusaga, jicho limebaki jekundu kidogo tu, maumivu yamekwenda zake. Wateja wanamtazama. "Mama Poni, umelia nini leo?" Anawajibu kwamba hajalia, ameumwa. Wanaangaliana. Wengine walichota karanga zao bila kumgusa mkono. Hilo la kutomgusa mkono ndilo lililomfanya achemke kuliko jicho lenyewe, na asili yake ni msiba wa mumewe.

Mumewe, Lawrence, alikuwa Mkakwa wa hapo hapo Koboko, mtu mpole aliyependa kulima kuliko kuongea. Yeye na Paska walifungua shamba la kijitoni kwa mikono yao. Lilikuwa pori la matete, nyoka watupu, wala hakuna wa ukoo aliyelitamani. Wakang'oa matete, wakachimba visiki, wakapanda karanga, na karanga zikakubali kweli kweli. Lawrence alipougua na kuona safari yake imekaribia, alisema akiwa na akili zake timamu: "Shamba la kijitoni ni la mke wangu na Poni. Lisigawanywe." Paska alikuwa amekaa pembeni yake. Poni alikuwepo, ameshika bakuli la uji.

Siku ya mazishi akasimama Tongun, kaka mkubwa wa Lawrence. Tongun ana sauti ndogo. Hajawahi kumfokea mtu tangu azaliwe, na ndiyo maana watu humwamini. Akiongea, uwanja mzima hunyamaza ili wamsikie. Akasema kwa sauti yake ile kwamba shamba la kijitoni linarudi kwenye ukoo, kwamba mjane ataangaliwa, kwamba hakuna atakayelala njaa.

Mjane siku hiyo hukaa chini na kunyamaza. Ndiyo desturi. Paska akasimama.

"Shemeji, unasema uongo. Lawrence ametuachia shamba, mimi na mtoto."

Watu wakapigwa na butwaa. Na wakati huo huo, kule njiani, wajomba wa marehemu walikuwa wanafika. Wajomba hawaingii msibani wakitembea polepole kama wageni wa chai. Wanaingia mbio, wameshika matawi mabichi, wanaimba kwa ukali kama waliokuja kupigana na kifo chenyewe, na ni juu ya watu kuwapisha. Siku hiyo hakuna aliyewapisha. Wote walikuwa wamegeuka wanamkodolea Paska macho. Wajomba wakauingia umati, umati ukasukumana, na tawi moja likamchapa Paska jicho la kulia. Akaanguka.

Tongun akamwangalia pale chini, akasema kwa sauti yake ndogo:

"Marehemu amejibu."

Basi! Maneno mawili hayo yalifika mpakani Kaya na kurudi kabla kaburi halijafukiwa.

Jicho lilivimba siku chache likapona. Paska akadhani yameisha. Mwezi ukapita, alfajiri moja likachanika lenyewe, bila tawi, bila vumbi, bila mtu. Ndipo hadithi ya Tongun ikapata miguu. Hakupita nyumba kwa nyumba kumsema, hapana, yeye ni mtu wa heshima. Alingoja kuulizwa tu. Akiulizwa alijibu kwamba kidonda kikipona kimepona. Kinachoondoka na kurudi kimetumwa. Ataponaje na hajayafuta maneno yake? Alete mbuzi, apige magoti kaburini kwa mdogo wangu, aseme alidanganya, achinjiwe, apakwe damu yake, yaishe. Mimi sina kinyongo naye.

Hana kinyongo! Paska alipoelezwa hilo alivunja sahani.

Maana alielewa vizuri, na wewe uelewe. Kupiga magoti na kusema alidanganya ni kulitoa shamba, ambalo bado alikuwa akililima, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Tongun hakuwa anataka mbuzi.

Akaanza kutafuta tiba. Kijana wa duka la dawa alimpa matone ya chupa nyeupe, yalipokosa kusaidia akampa ya chupa ya bluu, akasema, "Hii iko aleji tu, mama, ya vumbi." Jirani mmoja akamletea maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, ndani ya kifuniko cha soda. Mwingine akamwagiza chai ya rangi iliyopoa. Paska alijaribu yote, hasira zikimpanda kila akijaribu, na kila mmoja wao alijisifu kwamba dawa yake ndiyo iliyotibu, kwa sababu mchana jicho lilikuwa linatulia. Kisha linachanika tena. Kisha tena.

Akapanda gari kwenda Arua, kwenye kliniki ya macho. Unajua mwenyewe. Jicho limechanika alfajiri, gari la kwanza Koboko halitoki mpaka lijae, halafu barabara, halafu foleni ya pale kwenye benchi, wazee wa mtoto wa jicho, watoto wenye macho ya usaha, na jua hilo limefika utosini. Nesi akamwangazia tochi juu juu.

"Jicho iko mzima, mama."

"Limechanika asubuhi."

"Sasa iko mzima."

Alirudi mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu nesi yule yule akamtazama vile vitambaa vyeusi vya ujane akalegeza sauti. "Mama, ulifiwa? Labda ni majonzi. Uende upumzike."

"Majonzi!" Paska aliruka kwenye kiti. "Majonzi gani yanayokaa jicho la kulia peke yake? La kushoto halikumjua marehemu?"

Benchi zima likacheka, na nesi akamwita anayefuata. Njia nzima ya kurudi Koboko Paska alikuwa akiwaza kwamba jicho lake lina akili kumzidi, linamtesa nyumbani na kumuumbua mjini. Alifika mahali pa kumwogopa Lawrence. Ndiyo, tuseme ukweli. Kulala alilala akimwomba, "Baba Poni, kama ni wewe, niambie. Lakini si wewe. Wewe hukuwa hivi." Halafu akajikasirikia kwa kuomba.

Wazo likamjia akiwa anakaanga karanga. Kama kliniki hailioni jicho kwa sababu linapona njiani, basi ni njia ndiyo ya kuiondoa. Alikuwa na dada yake Betty, aliyepanga chumba mtaa wa Oli mjini Arua, karibu na mto, anauza mkaa. Akafunga nguo zake, akamwambia Poni amshikie biashara, akaenda Arua kulala kwa Betty na kulingojea jicho.

Jicho nalo likatulia tuli! Asubuhi ya kwanza, zima. Ya pili, zima. Siku zikafuatana, Paska anaamka, anafumbua polepole, hakuna kitu. Hajawahi mtu kukasirika kwa kuamka mzima kama alivyokasirika yeye. Betty alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Dada, labda linaogopa mji."

"Cheka. Siku likichanika nitalia masikioni mwako."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi aliyokuwa amekata tamaa, mfuko umefungwa wa kurudi Koboko, alifumbua jicho, kope likaondoka na kitu, jicho likachanika kuliko siku zote. Akapiga ukelele. Kisha, akijipangusa machozi na kamasi, Betty anaapa kwamba alimwona anatabasamu. "Bodaboda!" alikuwa akipaza sauti. "Niitie bodaboda, Betty, upesi, kabla halijapona!"

Kliniki ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Mfagiaji bado anafagia. Paska akaingia na kitambaa usoni, akapita foleni yote, na mzee mmoja alipomwambia kuna utaratibu, alimwambia utaratibu umemzika mume wake na sasa hautamzika yeye. Aliyekuwa zamu chumbani siku hiyo hakuwa nesi yule, alikuwa tabibu wa macho aitwaye Kenneth, kijana mnene kidogo mwenye haraka.

"Tazama sasa hivi," Paska akamwambia. "Sasa hivi, si baadaye."

Kenneth akamkalisha, akamtia tone moja. Likawasha kidogo, halafu maumivu yakazimika kama taa. Akamtia rangi ya manjano, akamwekea kidevu kwenye mashine, akawasha mwanga wa bluu. Akatazama. Akatazama tena.

"Mama, hii inakuuma sana."

Haikuwa swali. Paska akaangua kilio, kilio cha kweli, si cha jicho. Miaka karibu miwili na huyu ndiye wa kwanza.

Kenneth akamweleza. Kioo cha jicho kina ngozi juu yake, nyembamba mno. Tawi liliikwangua. Ngozi ikaota upya, lakini chini haikushika vizuri, kama rangi iliyopakwa ukutani juu ya vumbi. Mtu akilala jicho hukauka, kope hugandana na ile ngozi, na asubuhi akifumbua ghafla kope huinuka nayo. Mchana ngozi inaota tena kwa haraka. "Ndiyo maana ukitoka Koboko na kufika hapa saa sita hatuoni kitu."

"Rudia," Paska akasema.

"Nirudie?"

"Rudia kwa sauti. Yule nesi yuko pale mlangoni, asikie."

Kenneth akarudia, na nesi akasikia, na tuwe wa haki, nesi akaja akasema, "Pole, mama, sikujua." Paska alimjibu kwamba angeuliza. Lakini alimjibu kwa upole, kwa kiwango chake.

Likaja suala la tiba, na hapo wakagombana kidogo, kwa sababu Paska alikuwa ameshaona anachokitaka. Ile chupa ya tone la kwanza.

"Nipe hiyo. Hiyo ndiyo dawa."

"Hii ni ganzi. Sikupi."

"Mnawawekea wakubwa?"

"Mama!" Kenneth akapandisha sauti mpaka foleni ya nje ikageuka. "Hii ukiwa nayo nyumbani utajitia kila ikiuma, na ngozi haitaota tena. Jicho litaoza na hutasikia maumivu. Nimewaona watu waliouziwa hii madukani, na sasa wanashikwa mkono kuvuka barabara. Ukiiona popote, kimbia!"

Paska akamwamini pale pale. Mtu anayefoka, Paska alimwelewa. Waliomshinda ni wenye sauti ndogo.

Kenneth akaendelea kwa utulivu. Ipo dawa nzito ya kupaka, ya mafuta, inayowekwa ndani ya kope la chini kila ukienda kulala, ili jicho lisikauke. Asubuhi usifumbue kwa pupa. Kwanza sugua kope taratibu kwa kidole likiwa limefumba, zungusha jicho ndani yake, tia matone, ndipo ufumbue. Watu wengi hupona kwa hayo tu, ila ni kwa miezi, na kwa miezi hiyo yote usiache hata ukijisikia mzima, maana ngozi inashika polepole. Kwa jicho kama lako lililochanika eneo kubwa, naweza kukuwekea kwanza lenzi laini, inakaa kama bandeji, kope linateleza juu yake na ngozi inapata nafasi. Hiyo siwezi kukuruhusu uende nayo mbali, ikiingia uchafu ni hatari; utakaa hapa mjini nikuone. Yakishindikana yote hayo, kuna kuikwangua ile ngozi mbovu ili iote nyingine, au kuichoma vitobo vidogo kwa sindano ili ishike.

"Nichome leo tumalize."

"Tunaanza na la upole, mama."

"Mimi la upole sijalizoea," Paska akasema, lakini akakubali lenzi.

Siku hiyo hiyo akampigia Poni. Kelele za mtaani, furaha, hasira, vyote vimechanganyika, alipaza sauti kwenye simu: "Poni! Limechanika! Limechanika vibaya sana, wamenishika hapa hapa kliniki, wamenitia kitu jichoni, sirudi kwanza!" Chaji ikaisha. Hakufikiria upande wa pili amesikia nini. Siku za mbele alipopiga tena kueleza, Poni alijibu kwa kifupi, ndiyo mama, sawa mama, na Paska akadhani ni wateja wa nywele.

Lenzi ikatolewa, jicho limeshika vizuri. Akapewa dawa yake ya kupaka, akaagizwa aitumie kwa miezi, akarudi Koboko. Alishuka garini kichwa juu. Alitaka kupita sokoni akutane na watu wote mara moja.

Akakutana nao. Wa kwanza alimpa mkono, wa pili akamkumbatia. "Mama Poni, tumefurahi! Jicho liko zima? Mungu mkubwa. Na marehemu amesamehe." Paska akadhani amesikia vibaya. Wa tatu, muuza nyanya, akamwambia wazi: "Umefanya vizuri kukubali yule mbuzi."

"Mbuzi gani?"

Mwanamke yule akashika nyanya zake akaanza kuzipanga upya.

Poni alikuwa nyumbani, anamngoja, na alivyokaa tu Paska akajua. Poni alieleza yote bila kujificha. Baada ya ile simu alidhani mama yake anapofuka. Alikwenda kwa baba mkubwa Tongun na mbuzi aliyemnunua kwa jasho la kusuka. Akapiga magoti kaburini. Akasema: mama alidanganya, baba hakutuachia shamba. Wakachinja, wakampaka yeye kwa niaba ya mama yake.

"Ulikuwepo," Paska akasema. Kwa mara ya kwanza maishani hakupaza sauti. "Ulikuwa umeshika uji. Ulimsikia baba yako."

"Nilimsikia."

"Na ukapiga magoti ukasema hivyo?"

"Ningesema chochote, mama! Nimechoka kukusikia ukilia alfajiri na mimi nimeshika beseni! Shamba na lende!"

Paska akaondoka akaenda kijitoni. Mistari yake ya karanga ilikuwa imelimwa juu chini, na shamba zima kuna vijiti vya mihogo vimechomekwa, vibichi, kwa mpangilio mzuri. Tongun ni mtu wa kufanya kazi safi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za maumivu. Jicho lilikuwa zima, na kila lilivyozidi kuwa zima ndivyo mbuzi alivyozidi kushinda. Akieleza habari za ngozi, za rangi juu ya vumbi, za lenzi, watu walitikisa vichwa kwa adabu. Ndiyo, ndiyo, na hospitali nayo inasaidia. Tarehe wanazijua: mbuzi alichinjwa, jicho likapona. Utawaambia nini? Paska alikuwa amepata kila kitu alichokiomba na kimegeuka ushahidi wa Tongun.

Poni akawa anaitazama ile dawa ya kupaka pale dirishani. Haikuwa inapungua.

"Mama, umeacha dawa."

"Nimeacha."

"Daktari alisema miezi!"

"Nataka lichanike."

Poni akadhani mama yake amerukwa na akili, na pengine sisi pia tungedhani. Lakini fikiria hasira ile. Likichanika tena, mbuzi atakuwa si kitu. Watu wataona, watasema alaa, kumbe. Poni alimbembeleza, alilia, alitishia kumpigia Kenneth. Paska alilala kila siku macho makavu, na ukweli ni kwamba aliogopa, alilala ameshika ukingo wa kitanda kama anayengoja kiboko. Mara mbili aliunyosha mkono kuichukua dawa akaurudisha.

Likachanika. Alfajiri ya soko kubwa, likachanika kama zamani, na Paska akainuka na maumivu yake, akajifunga kitenge, akatoka hivyo hivyo, jicho linamwagika, akijigonga kwenye vibanda, Poni nyuma yake anaita. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Tongun. Watu walikuwa wamejaa, wake wanafagia, wanaume wanakunywa chai kabla ya soko, majirani wamepita kusalimia.

"Tazameni!" Paska akapaza sauti. Akalivuta kope kwa vidole, maumivu yakamkunja magoti, akasimama tena. "Limerudi! Tongun, mbuzi wako yuko wapi? Amelala? Mbona hajaamka? Nimeacha dawa ya hospitali na jicho limechanika. Dawa ndiyo iliyoniponya! Nirudishieni shamba langu!"

Tongun akaweka kikombe chini. Akamtazama kwa huruma, ile huruma yake.

"Aliyepiga magoti ni mtoto," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe mwenyewe hujapiga."

Na watu wakaitikia. Paska aliwaona kwa jicho lake moja, mmoja baada ya mwingine, vichwa vinashuka na kupanda, e, ni kweli, ni mtoto. Akaelewa ghafla kwamba angeweza kuwaletea jicho zima au jicho lililooza mkononi, na Tongun angekuwa na neno la lolote kati ya hayo. Alijitesa bure. Jicho lake halikuwa na mdomo pale uani, wala halingekuwa nao milele. Hasira zikamkaba hata akakosa tusi, si la Kikakwa si la Kilugbara.

Ndipo Poni akapita mbele yake.

"Baba mkubwa," akasema, "kweli, mimi ndiye niliyepiga magoti. Na mimi ndiye niliyedanganya. Baba alisema shamba ni la mama na langu, lisigawanywe. Nilikuwa nimeshika uji wake. Alisema, nikasikia, na siku ya mazishi nikanyamaza kwa sababu niliwaogopa ninyi. Mbuzi wangu mmemla kwa uongo."

Hakuna aliyeitikia kwa kichwa. Mke mmoja wa Tongun akaacha kufagia. Tongun akamjibu, na sauti yake ilikuwa imepanda, kidogo tu, lakini wote waliisikia ilivyopanda.

"Mtoto, unarudisha maneno uliyoyasema kaburini? Na macho yako nayo yataanza!"

"Yaanze," Poni akasema. "Kliniki naijua iko wapi."

Mzee mmoja wa majirani akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mwingine akamwuliza Tongun, hivi, wewe mwenyewe Lawrence alikwambia lini kwamba shamba ni la ukoo? Tongun akasema hilo si la kujadili wakati wa chai. Yule mtu akasema, basi lini? Paska hakukaa kusikia jibu. Alikuwa ameshashika njia ya kijitoni, kitenge kimebanwa kwenye jicho, na Poni anakimbia kumfikia.

Walifika shambani. Paska akainama kwenye mstari wa kwanza, akashika kijiti cha mhogo akakivuta. Kikatoka na udongo. Akakitupa njiani. Akashika cha pili.

"Mama, twende nyumbani kwanza nikupake dawa."

"Utanipaka tukimaliza. Na leo tunapanda gari la Arua, Kenneth anifokee, nimestahili."

Poni akavua viatu akaingia kwenye mstari wa pili. Waking'oa, watu wa sokoni wanapita njiani na ndoo zao, wengine wanasimama. Baada ya muda Poni akauliza, bila kuinua kichwa:

"Bado umenikasirikia?"

"Sana," Paska akasema. "Ng'oa."